Daftari la Hitilafu: Usimamizi wa Mifumo ya Huduma za TEHAMA katika Taasisi ya Umma

Taasisi ya umma inayotoa huduma zake kwa njia ya kompyuta huwa na mifumo ya aina mbili. Ipo ile inayoonekana na mwananchi, kama vile mfumo wa kusajili kampuni, wa kulipia ankara, wa kuomba pasipoti au wa kuwasilisha ritani za kodi. Na ipo mingine ambayo mwananchi haioni kamwe, ingawa ndiyo inayoamua kama ile ya kwanza itaamka salama Jumatatu asubuhi. Mmojawapo wa hiyo ya pili ni mfumo wa usimamizi wa huduma za TEHAMA, yaani programu pamoja na taratibu ambazo kwazo hitilafu huripotiwa, hupewa namba, hukabidhiwa fundi, hutatuliwa na kuwekwa kwenye kumbukumbu. Mhadhara huu unauchunguza mfumo huo uliojificha, na hoja yake ni kwamba katika taasisi ya umma mfumo huo ni daftari la ushahidi kabla ya kuwa chombo cha kuharakisha kazi, na kwamba wajibu wa kwanza wa anayeusimamia ni kuhakikisha kuwa kilichoandikwa humo ni kweli, kimekamilika, na kinaweza kueleweka na mtu ambaye hakuwapo siku hitilafu ilipotokea.

Fani yenyewe ina asili ya kiserikali, jambo ambalo husahauliwa kwa sababu leo hufundishwa zaidi kama maarifa ya kibiashara. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Uingereza, ikiwa imechoshwa na gharama za kompyuta zisizolingana na ubora wa huduma, iliutumia wakala wake wa kompyuta na mawasiliano, uliojulikana kwa kifupi kama CCTA, kukusanya taratibu bora za uendeshaji na kuzichapisha katika mfululizo wa vitabu ulioanza kutoka mwaka 1989 kwa jina la ITIL. Mfululizo huo ulifanyiwa marekebisho makubwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukatolewa upya mwaka 2007, na toleo la nne likatoka mwaka 2019. Sambamba na hilo, mwaka 2005 kilitolewa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 20000, ambacho kwacho taasisi inaweza kukaguliwa na kupewa cheti. Umiliki wa ITIL ulihamia mwaka 2013 kwenye kampuni ya AXELOS, iliyokuwa ubia wa serikali ya Uingereza na kampuni ya Capita, na mwaka 2021 AXELOS ikanunuliwa na PeopleCert. Hivyo serikali nyingi leo hulipa ada ya mitihani kwa fedha za kigeni ili watumishi wao wafuzu maarifa ambayo chanzo chake ni ofisi ya serikali.

Safari hiyo kutoka serikalini hadi sokoni imeacha alama katika namna fani inavyofikiri. Vitabu vyake humzungumzia mteja kama mtu mwenye hiari, ambaye asiporidhika ataondoka, na hofu ya kumpoteza ndiyo inayotazamiwa kuisukuma kampuni ijirekebishe. Mwananchi anayehitaji cheti cha kuzaliwa, hati ya ardhi au leseni ya udereva hana mahali pengine pa kwenda. Hata audhike vipi, kesho atarudi kwenye dirisha lilelile. Kwa hiyo nguvu inayoisahihisha benki haimo katika wakala wa serikali, na nafasi yake lazima ijazwe na kitu kingine. Kitu hicho ni kumbukumbu ambayo kiongozi wa taasisi, mkaguzi, mahakama na bunge wanaweza kuisoma na kuuliza maswali juu yake.

Istilahi chache zinabeba fani nzima na zinastahili kufafanuliwa kabla ya kuendelea. Tukio ni kukatika au kudorora kwa huduma kulikotokea bila kupangwa: karani wa ofisi ya mkoa anataka kuchapa cheti na cheti hakitoki. Tatizo ni chanzo cha tukio moja au mengi, kiwe kimekwisha kujulikana au bado: pengine vyeti havitoki mikoani kwa sababu hifadhidata ya makao makuu huelemewa kila ifikapo saa nne asubuhi. Ombi la huduma ni jambo la kawaida lisilo na hitilafu ndani yake, kama mtumishi mpya kufunguliwa akaunti au aliyesahau nywila kupewa nyingine. Badiliko ni chochote kinachoongezwa, kinachoondolewa au kinachorekebishwa katika mfumo na ambacho kinaweza kuiathiri huduma. Mambo yote hayo huandikwa kwenye tiketi, ambayo ni ingizo moja lenye namba yake, saa yake, jina la aliyeripoti na historia ya kila mkono uliolishika jambo hilo.

Tofauti kati ya tukio na tatizo ndiyo inayopuuzwa zaidi, na kupuuzwa kwake kuna gharama kubwa. Tukio humalizika huduma inaporejea, hata kama hakuna anayejua kwa nini ilikatika. Tatizo humalizika chanzo kinapoondolewa. Katikati yake kuna hali ya tatu, iitwayo hitilafu inayojulikana, ambapo kasoro imekwisha kutambuliwa lakini dawa yake haijapatikana, na kinachoandikwa ni dalili zake pamoja na njia ya muda ya kuizunguka, ili mhudumu wa dawati la huduma atakayepokea malalamiko yanayofanana nayo aitambue mara moja na amweleze aliyeripoti ukweli. Taasisi isiyotenganisha mambo haya matatu hutengeneza kasoro ileile miaka nenda miaka rudi, kila mara kana kwamba ni mpya, na mwisho wa mwaka huhesabu marudio hayo kama mafanikio ya kitengo cha TEHAMA.

Umuhimu wa orodha ya hitilafu zinazojulikana haujapata kudhihirika kwa uchungu kama ulivyodhihirika katika kesi ya mfumo wa Horizon nchini Uingereza, nchi ileile iliyoandika vitabu vya ITIL. Horizon ni mfumo wa hesabu uliosambazwa kuanzia mwaka 1999 katika matawi ya Post Office, shirika linalomilikiwa na serikali, na uliotengenezwa na kuendeshwa na kampuni ya ICL, ambayo baadaye ilichukua jina la Fujitsu. Matawi mengi yalikuwa mikononi mwa watu wa kawaida, wengi wao wenye maduka mitaani na vijijini, walioingia mkataba wa kutoa huduma za posta. Mfumo ulipoonyesha upungufu wa fedha, wao ndio waliodaiwa waufidie, na walioshindwa au waliokataa walivunjiwa mikataba na kushitakiwa, ilhali katika kesi nyingi upungufu wenyewe haukuwapo isipokuwa ndani ya kompyuta. Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa makosa ya wizi, udanganyifu na hesabu za uongo. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika, na wapo waliofariki kabla majina yao hayajasafishwa.

Kwa anayesimamia huduma za TEHAMA, kiini cha mkasa huo ni kwamba kasoro zilikuwa zimeandikwa. Fujitsu ilikuwa na daftari la hitilafu zinazojulikana, pamoja na mfumo wa tiketi uliojulikana kama Peak, na ndani yake mafundi waliandika kasoro walizozikuta, dalili zake na namna ya kuzishughulikia. Wakati huohuo, wengi wa wenye matawi waliopiga simu kwenye dawati la msaada walikuja kutoa ushahidi kwamba waliambiwa hakuna mwingine mwenye shida kama yao. Watu 555 wakiongozwa na Alan Bates walipofungua kesi ya pamoja, kupatikana kwa kumbukumbu hizo kuligombaniwa, na zilipofika mbele ya mahakama zilikuwa miongoni mwa ushahidi uliomwezesha Jaji Peter Fraser, katika hukumu yake ya Desemba 2019, kuamua kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzalisha upungufu wa uongo katika hesabu za matawi. Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu 39 mwezi Aprili 2021, na mwezi Mei 2024 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kufuta hukumu za mamia ya waliobaki.

Kesi hiyo husimuliwa zaidi kama habari ya programu mbovu, na ubovu ulikuwapo. Lakini programu zote kubwa zina kasoro, na taasisi inayosubiri programu isiyo na kasoro haitatoa huduma hata siku moja. Kilichogeuza kasoro za kawaida kuwa maangamizi ni kwamba daftari la hitilafu lilikaa upande mmoja na maamuzi yakafanyika upande mwingine. Fundi aliandika alichokiona. Mhudumu wa simu hakumwambia aliyepiga. Mwanasheria wa shirika hakuona sababu ya kuuliza kama tawi linalodaiwa lilikuwa na tiketi. Na shirika lilichukulia kumbukumbu hizo kuwa mali ya mkandarasi. Mfumo wa usimamizi wa huduma ulikuwapo na ulifanya kazi kwa maana ya kiufundi, ila haukusimamiwa kama kumbukumbu ya umma.

Mazingira ya namna hiyo hayako mbali na ofisi za Afrika Mashariki. Nchini Kenya, tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya mtu binafsi kuwasilisha ritani ya kodi kupitia mfumo wa iTax, na anayechelewa hutozwa adhabu. Ikitokea mfumo ukaelemewa saa za mwisho, mlipakodi anayesema alijaribu akashindwa hana ushahidi mikononi mwake. Ushahidi uko katika kumbukumbu za aliyeuendesha mfumo, na kama kumbukumbu hizo zinasema tu kwamba huduma ilikuwa hewani, basi mlipakodi ameshindwa kabla hajasikilizwa. Hali ni hiyohiyo kwa mhasibu wa halmashauri anayetakiwa aeleze tofauti ya makusanyo kati ya mashine ya kukusanyia mapato na benki, au kwa mzabuni aliyechelewa kupakia nyaraka katika mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, ambao nchini Tanzania ulichukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Katika kila hali kama hiyo, uamuzi wa kumwadhibu mtu kwa kutegemea taarifa za mfumo haupaswi kufanyika kabla kumbukumbu za hitilafu za kipindi husika hazijasomwa, na sharti hilo linafaa kuandikwa katika mwongozo wa kitengo cha sheria na cha ukaguzi wa ndani, kwa kuwa likiachwa katika mwongozo wa TEHAMA peke yake halitamfikia anayeandaa hati ya mashitaka.

Ukweli wa daftari huanzia kwenye dakika ya kwanza ya kuripoti, na hapo ndipo desturi za ofisi hushindana na mfumo. Katika taasisi nyingi hitilafu hairipotiwi kwenye mfumo uliogharimiwa kwa kazi hiyo. Huripotiwa kwenye kundi la WhatsApp la wahasibu wa mikoa, au kwa simu kwa afisa TEHAMA ambaye namba yake inajulikana na kila mtu, au kwa kumkamata akipita kwenye ujia. Njia hizi zina fadhila zake: ni za haraka, hazihitaji nywila, na anayeripoti hujibiwa na binadamu anayemfahamu. Ila jambo lililotatuliwa kwa simu haliachi alama yoyote; afisa huyo akihamishwa, na uhamisho ni sehemu ya maisha ya utumishi wa umma, anaondoka na miaka ya maarifa kichwani mwake, na anayempokea anaanza upya kujifunza kwamba mashine ya ofisi fulani hugoma kila mvua ikinyesha. Kupiga marufuku njia hizo kwa waraka hakujafaa, kwa sababu watumishi hawazifuati kwa ukaidi, huzifuata kwa kuwa fomu ya kuripoti ina vipengele vingi visivyoeleweka na majibu yake huchelewa. Kinachofaa ni kumpa mhudumu wa dawati jukumu la kufungua tiketi kwa niaba ya aliyepiga simu au aliyeandika kwenye kundi, kabla ya kuanza kutatua na si baada ya kumaliza, na kumrudishia aliyeripoti namba ya tiketi kwa njia ileile aliyoitumia.

Ndani ya tiketi, maneno ya aliyeripoti yabaki kama alivyoyasema, na tafsiri ya fundi iandikwe kando yake. Ni kawaida kukuta tiketi ambayo mlalamikaji alisema kwamba malipo yamekatwa mara mbili, na fundi akaifunga kwa kuandika kwamba mtumiaji ameelekezwa. Miezi sita baadaye, malalamiko 40 ya malipo kukatwa mara mbili yanapochunguzwa, hakuna hata moja linaloonekana kwenye takwimu, kwa kuwa yote yamewekwa katika kundi la makosa ya watumiaji. Vivyo hivyo jibu ambalo mwananchi hupewa dirishani, kwamba mtandao uko chini, hukusanya mambo yasiyofanana hata kidogo: umeme uliokatika, kebo iliyofukuliwa na wajenzi wa barabara, seva iliyojaa, leseni iliyoisha muda, na mtumishi ambaye hajafika. Dawati linaloyaandika yote kwa jina moja linajinyima uwezo wa kujua ni lipi kati ya hayo linalokula siku nyingi zaidi za wananchi. Na aliyeripoti ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba tiketi inaweza kufungwa; fundi anayejifungulia na kujifungia mwenyewe huwa hakimu wa kesi yake.

Suala la kipaumbele linahitaji ujasiri wa kiutawala kuliko ujuzi wa kompyuta. Kwa mujibu wa fani, kipaumbele hupatikana kwa kuunganisha mambo mawili, ukubwa wa athari na uharaka, ambapo tukio linalosimamisha huduma kwa watu wengi huwekwa daraja la kwanza na lile linalomsumbua mtu mmoja huwekwa la mwisho. Katika ofisi za umma kuna nguvu nyingine isiyoandikwa, nayo ni cheo. Printa ya mkurugenzi hutengenezwa ndani ya nusu saa, wakati kompyuta pekee ya ofisi ya wilaya, inayohudumia foleni iliyoanza alfajiri, husubiri fundi wa kutoka mkoani hadi wiki ijayo, na kwenye daftari zote mbili husomeka kama tukio la kifaa kimoja na mtumiaji mmoja. Kosa liko katika kuhesabu watumiaji kwa maana ya watumishi walio na akaunti. Athari katika taasisi ya umma ipimwe kwa wananchi walio nyuma ya dirisha: ni wangapi wanahudumiwa hapo kwa siku, wametoka umbali gani, na kuna ofisi nyingine karibu nao au la. Takwimu hizo taasisi inazo tayari katika ripoti zake za mwaka, na kuziingiza katika mfumo ni kazi ya siku chache. Kigumu ni kiongozi kukubali kwa maandishi kwamba printa yake itasubiri.

Mabadiliko nayo ni chanzo kikubwa cha matukio, kwa kuwa mfumo uliotulia mara nyingi huanguka baada ya mtu kuugusa. Utaratibu wa kusimamia mabadiliko unataka kila badiliko lielezwe kabla, lipimwe hatari yake, lijaribiwe mahali pasipo na wananchi, liwe na njia ya kurudi nyuma, na lifanyike kwa saa inayojulikana. Kalenda ya serikali inaongeza sharti lake. Kwa Tanzania na Kenya, ambako mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni, wiki za mwisho za mwezi huo ni wakati wa malipo ya mwisho, kufunga hesabu na kukimbizana na bajeti, na mifumo ya fedha isiguswe kipindi hicho isipokuwa kwa dharura iliyothibitishwa. Bahati mbaya ni kwamba huo ndio wakati ambapo fedha za miradi ya TEHAMA hukimbilia kutumika kabla ya mwaka kufungwa, hivyo vifaa vipya na programu mpya hufika na kufungwa katika siku ambazo hazivumilii kosa. Mgongano huo hauwezi kumalizwa na mkuu wa kitengo cha TEHAMA peke yake. Unahitaji afisa masuuli na wahasibu waandae mpango wa ununuzi ambao vifaa vitapokelewa robo ya pili au ya tatu ya mwaka.

Mfano mzito wa hivi karibuni wa badiliko lililogeuka janga umetoka Korea Kusini, nchi inayosifika kwa serikali mtandao. Tarehe 26 Septemba 2025, katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, moto uliwaka wakati wa kazi ya kuhamisha betri za lithiamu za mitambo ya umeme wa akiba, na mifumo zaidi ya 640 ya serikali ikasimama. Mifumo 96 iliathiriwa moja kwa moja na moto huo. Mmojawapo ni G-Drive, ghala la nyaraka za watumishi wa serikali, lililokuwa na takriban terabaiti 858 za data ambazo hazikuwa na nakala rudufu nje ya kituo, kwa kile kilichoelezwa kuwa ni ukubwa wa ghala lenyewe. Kuhamisha betri huonekana kuwa kazi ya fundi umeme, na hapo ndipo hatari ilipo: badiliko lisilohusu programu huweza kupita bila kuulizwa ni huduma zipi ziko juu ya chumba hicho na zitarejea vipi zikipotea. Taasisi ndogo yenye chumba kimoja cha seva kando ya jiko la ofisi ina hatari hiyohiyo.

Swali la huduma zipi zinategemea kifaa kipi ndilo linalojibiwa na hifadhidata ya usanidi, yaani orodha ya vifaa, programu, leseni na mikataba pamoja na uhusiano kati yake. Bila uhusiano huo orodha hubaki kuwa daftari la mali la mtunza stoo. Haja yake imekua kwa kadiri serikali zinavyounganisha huduma. Nchini Kenya, mwishoni mwa Juni 2023 Rais William Ruto alizindua huduma zipatazo 5,000 kupitia eCitizen, na haujapita mwezi mmoja lango hilo likashambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan, ambalo lililielemeza kwa maombi ya uongo hadi likashindwa kuwahudumia wananchi. Viza za mtandaoni zilikwama, na serikali ikalazimika kuwaruhusu wageni waliostahili kuzipata walipowasili. Nchini Tanzania, malipo ya taasisi za umma hupita katika mfumo mmoja wa GePG ulioanza mwaka 2017, ambao humpa mlipaji namba maalumu ambayo wengi huiita kontroo namba. Muunganiko wa aina hiyo una faida zisizopingika kwa mapato na uwazi, ila una maana pia kwamba hospitali, chuo na mahakama vinaweza kuripoti matukio matatu tofauti ambayo chanzo chake ni kimoja, na kwamba tiketi hizo zitatatuliwa mahali ambapo hakuna hata taasisi moja kati ya hizo yenye mamlaka.

Mwezi Mei 2024, kebo za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu kwa wakati mmoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, intaneti ilidorora katika nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Taasisi iliyokuwa imechora ramani ya utegemezi wake ingeweza kuwaambia wananchi asubuhi ileile ni huduma zipi zinaendelea kwa kuwa seva zake ziko nchini na zinafikika kwa njia za ndani, na zipi zimesimama kwa kuwa zinategemea huduma zilizo ng'ambo. Isiyokuwa na ramani ilibaki kungoja kama kila mtu.

Vipimo vya utendaji vinahitaji tahadhari zaidi ya vinavyopewa. Makubaliano ya viwango vya huduma, yaani ahadi ya maandishi kwamba tukio la daraja fulani litatatuliwa ndani ya saa kadhaa, ni ndugu wa Mkataba wa Huduma kwa Mteja unaobandikwa kwenye kuta za ofisi za serikali ya Tanzania, na ajabu ni kwamba nyaraka hizi mbili huandikwa na watu wasiokutana. Mkataba wa ukutani unaweza kuahidi cheti ndani ya siku mbili, wakati makubaliano na mkandarasi yanampa siku tatu kurejesha mfumo unaotoa cheti hicho. Tena, asilimia ya tiketi zilizofungwa ndani ya muda hupanda kwa urahisi pale mafundi wanapojifunza kufunga na kufungua upya, na ikiwa posho au tathmini ya mtumishi inategemea asilimia hiyo, itapanda kwa hakika. Vipimo viwili vigumu kuchezewa ni idadi ya matukio yanayorudi kwa chanzo kilekile, na umri wa tatizo la zamani zaidi ambalo halijapatiwa dawa. Kipimo hicho cha pili kinapaswa kuwa mezani pa menejimenti kila robo mwaka kikiwa na jina la anayewajibika.

Kuhusu uchaguzi wa programu yenyewe, maneno machache yanatosha. Programu huria kama GLPI, yenye asili ya Ufaransa, hukidhi mahitaji ya taasisi nyingi za kati, na zile za leseni hustahili gharama yake pale tu taasisi ina watu wa kuzitumia sawasawa. Jambo zito zaidi ni data iliyomo. Tiketi hujaa taarifa binafsi, kwa kuwa mtumishi anayeripoti huambatisha picha ya skrini yenye jina la mwananchi, namba ya kitambulisho chake na wakati mwingine maelezo ya ugonjwa wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inazihusu taarifa hizo popote zilipo, kwa hiyo zinapaswa kufichwa kwa wasiohusika, na uamuzi wa kuzihifadhi kwenye seva za nje ya nchi usifanywe na afisa ununuzi kwa kuangalia bei tu.

Linabaki swali la kumbukumbu hizi ni za nani na zidumu kwa muda gani. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, na ina Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, ambayo iliigeuza iliyokuwa Wakala ya Serikali Mtandao, iliyoanzishwa mwaka 2012, kuwa Mamlaka. Jalada la karatasi lenye barua ya malalamiko ya mwananchi hulindwa, hupewa namba ya masijala na haliwezi kuchanwa kwa hiari ya karani. Tiketi yenye malalamiko yaleyale hufutwa pale mkataba wa programu unapoisha, au huondoka na mkandarasi, au hupotea seva inapobadilishwa, na hakuna anayeulizwa. Haistahili kubaki hivyo. Tiketi, orodha ya hitilafu zinazojulikana na kumbukumbu za mabadiliko ziingizwe katika jedwali la uhifadhi la taasisi kama nyaraka nyingine, zikae walau kwa muda ambao kesi au rufaa inayotokana na huduma hiyo inaweza kufunguliwa, na kila mkataba wa kuendesha mfumo wa umma uwe na kifungu kinachosema kwamba daftari la hitilafu la mkandarasi ni mali ya taasisi, kwamba taasisi inalisoma wakati wowote bila kuomba, na kwamba siku mkataba unapomalizika linakabidhiwa lote, katika muundo unaosomeka bila programu ya mkandarasi, kabla ya malipo ya mwisho kuidhinishwa.